Nyanda za juu: mgongano wa mabamba au joto la chini?

Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na ubishi wa nani alituinua hauishi.

Kwa kimo, mgongano wa mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka la nje la dunia, hauna mpinzani. India ilipoigonga Asia, miaka milioni 50 hivi iliyopita, ganda la Tibet lilinenepa hadi kilomita 70 hivi. Ganda nene jepesi huelea juu, ndiyo maana uwanda ule unakaribia mita 5,000.

Kwa upana, ushindi naupa joto la chini. Mwamba moto upandao kutoka kina kirefu umeibeba Afrika Mashariki bila kuikunja. Ushahidi ni kwamba mawimbi ya matetemeko hupunguza kasi yakipita kwenye mwamba huo. Majabali yetu ya granaiti, ya kale mno, yamepanda mzimamzima.

Ukikuta mikunjo michanga, anza na mgongano. Ukiona ufa unapasuka jirani, kama kule Bahi, anza na joto.