Mtoto wa mbwa asiyesikia: fimbo au dagaa?
Mbwa wetu wa kienyeji, hasa wanaolinda mashamba ya mikorosho huku Mtwara, hujiamulia mambo wenyewe tangu wadogo. Unamwita, anakutazama, kisha anaendelea kunusa.

Fimbo humtuliza papo hapo, lakini humfundisha kuukwepa mkono wako. Kesho ukimwita atasimama mbali, mkia kaufyata.

Mimi nasimama na dagaa wakavu, wasiwe wa chumvi. Taja jina lake mara moja tu. Akigeuza kichwa, mpe kipande hapo hapo, kwani ukichelewa atadhani amelipwa kwa jambo jingine. Dakika 5 za zoezi hili kabla hajala zinatosha. Ila karibu na barabara ya Mikindani, penye kupita bodaboda, mfunge kamba ndefu kwanza.