Pampu mbili zililiwa na mchanga, ya tatu nimeifunga seperata: uzoefu wangu wa miezi 19

Pampu ya pili ilipopandishwa juu kutoka kisimani, nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa mota imeungua. Fundi akaifungua pale pale juu ya gunia, akachomoa shafti, yaani mhimili unaozunguka, akanikabidhi.

"Pitisha kidole hapa, bosi."

Mwanzo kidole kiliteleza kama juu ya kioo, mara kikazama. Mahali beringi ya mpira inapokaa, chuma kilikuwa kimelika pande zote mpaka shafti ikawa na kiuno cha nyigu. Beringi yenyewe, ambayo ikiwa mpya huishika shafti sawasawa, ilikuwa imepanuka hadi shafti inacheza ndani yake kama mchi kwenye kinu.

"Haijaungua hii," akasema. "Imeliwa."

Pampu ya kwanza ilidumu miezi 14, hii ya pili miezi 9. Zote za inchi 4, za kuzamisha, mota ya kilowati 1.5, ndani ya kisima cha mita 84 chenye kesing (bomba la ukuta wa kisima) ya inchi 6. Sasa nina ya tatu, na imefungwa seperata ya mchanga. Imefikisha miezi 19. Nimeinunua kwa fedha yangu, hakuna aliyenituma kuisifia, na yako mambo mawili matatu ambayo ningeambiwa mapema ningelala vizuri zaidi.

Nianze na beringi, maana wengi tunadhani zina grisi kama za gurudumu. Hazina. Beringi za pampu ya kuzamisha ni za mpira, zimechongwa mifereji kwa ndani, na kilainishi chake ni maji yale yale unayoyavuta. Mifereji iko pale kwa makusudi: chembe ya mchanga ikiingia, inabonyea kwenye mpira, inaviringishwa mpaka kwenye mfereji, kisha maji yanaisukuma nje. Chembe moja moja si tatizo. Zikija kwa wingi, mpira haupati nafasi ya kujisafisha, chembe zinaganda ndani yake, na beringi inageuka msasa ambao shafti inazunguka ndani yake karibu mara 2,850 kwa dakika. Mchanga mwingi ni kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 7. Chuma cha shafti hakifiki hapo.

Na mambo hayaishii kwenye shafti. Ikianza kucheza, impela (magurudumu ya kusukuma maji) zinasugua kuta, pampu inatetemeka, na mtetemo unashuka hadi kwenye sili (kizibo cha kuzuia maji) iliyo juu ya mota. Sili ikiachia, maji yenye vumbi yanaingia kwenye mota, na huko chini kuna beringi nyingine inayobeba uzito wote wa msukumo, ya kaboni juu ya chuma, ambayo haitaki uchafu hata kidogo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "mota imekufa" mara nyingi anaambiwa sura ya mwisho ya habari iliyoanza na beringi ya mpira.

Kabla ya seperata nilijaribu wavu. Ndiyo maana pampu ya pili ilikufa haraka kuliko ya kwanza, na kosa ni langu mimi niliyekubali. Fundi mwingine alinishauri tuzungushe wavu laini kwenye mdomo wa kufyonzea. Kwa akili ya haraka inaonekana sawa: mchanga unabaki nje, maji yanapita. Ila wavu wa chini ya ardhi hakuna wa kuusafisha. Uliziba taratibu, maji yakapungua, pampu ikawa inafyonza kwa shida na beringi zikawa zinakosa hata yale maji ya kuzilainisha. Beringi ya mpira ikikauka inaungua kwa muda mfupi mno. Mtu akikuletea habari za wavu, mshukuru na umrudishe nyumbani.

Seperata inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, wala haina chujio. Ni bomba la chuma lisilo na kitu kinachozunguka ndani yake. Maji yanaingia kupitia nyufa zilizokatwa kwa mshazari, kwa hiyo yakiingia tu yanaanza kuzunguka kwa kasi. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, unatupwa ukutani na kuteremka, unatokea chini na kurudi kisimani. Maji yaliyobaki katikati yanapanda kwenye pampu. Kwa kuwa kwenye pampu za aina hii mota iko chini na mdomo wa kufyonzea uko katikati, huwezi kuifunga seperata moja kwa moja. Unaivalisha pampu koti, yaani bomba linalofunika mota yote na mdomo wa kufyonzea, halafu seperata inafungwa chini ya koti hilo. Faida ya pembeni ambayo sikuitarajia: maji yote sasa yanalazimika kupita ubavuni mwa mota, kwa hiyo mota inapoa vizuri zaidi.

Kabla ya kununua, pima. Hili nalisisitiza kwa sababu seperata zinauzwa kwa kiwango cha maji, si kwa ukubwa wa kisima. Ukichukua kubwa kuliko maji unayovuta, maji hayapati kasi ya kuzunguka na mchanga unapita kama vile hakuna kitu. Ukichukua ndogo mno, inaibana pampu. Mimi nilitumia pipa la lita 200 na saa ya simu: lilijaa kwa dakika 4, yaani mita za ujazo 3 kwa saa. Kisha nikaliacha pipa litulie usiku kucha, nikanyonya maji kwa mpira hadi karibu na chini, nikakusanya mchanga, nikaukausha juani na kuupima. Gramu 13. Ukizidisha kwa 5 unapata gramu 65 kwa mita moja ya ujazo. Watengenezaji wengi wa pampu hizi huweka kikomo cha gramu 50. Nilikuwa nimeshavuka mstari muda mrefu, na hakuna aliyenipimia, kuanzia waliochimba mpaka waliofunga.

Hapo ndipo fundi wangu alipofanya jambo ambalo halikumpa mauzo yoyote. Alisema, "Kwanza tupunguze tamaa ya hii pampu." Akabana koki ya juu mpaka pipa likawa linajaa kwa dakika tano na nusu, kama mita za ujazo 2.2 kwa saa. Wakati wa kuvuta, maji kisimani yalikuwa yanashuka hadi mita 52. Baada ya kubana yakawa yanaishia mita 44. Tulipopima tena, mchanga ulikuwa gramu 5 kwa pipa, yaani 25 kwa mita ya ujazo. Hapo seperata bado iko kwenye boksi! Unapovuta kwa nguvu, maji yanaingia kwenye skrini, yaani sehemu ya bomba la kisima yenye matundu, kwa kasi na kubeba chembe ambazo yangekwenda polepole yangeziacha. Kubana kidogo kuna faida nyingine pia: pampu iliyoachiwa wazi kabisa inaweza kuzinyanyua impela juu na kuzisugua upande usiotakiwa. Usibane hovyo, lakini. Fuata mchoro wa pampu yako, maana ikibanwa kupita kiasi nayo inapata joto.

Tukagusa na floti za tangi, zile zinazowasha na kuzima pampu. Zilikuwa zimekaribiana mno, pampu ikiwaka na kuzima zaidi ya mara 20 kwa siku. Kila ikiwaka inatikisa kisima, na mchanga mwingi unakuja dakika zile za mwanzo. Tukazitenganisha, sasa inawaka mara nne. Valvu ya kuzuia maji kurudi ilikuwa imechoka pia, tukaibadilisha, kwa sababu maji ya bomba yakirudi chini kwa kishindo yanaizungusha pampu kinyume na kuvuruga mchanga uliokwisha kutulia.

Ndipo tukafunga seperata. Na hapa kuna mkasa.

Baada ya wiki moja nilipima pipa. Nilitarajia karibu sifuri, nikapata gramu 3. Nikampigia aliyeniuzia, akaniambia nivumilie, "itakaa sawa." Nilivumilia wiki tano, kila Jumamosi napima, kila Jumamosi gramu 3. Mwishowe nikamwomba fundi aipandishe. Seperata haikuwa na kosa. Juu ya koti kuna tundu ambalo waya wa mota unapita, na tundu hilo lina mpira wa kubana. Waya wangu ni bapa, mpira uliokuja kwenye boksi ulikuwa wa waya wa mviringo. Kwa hiyo pembeni mwa waya kulikuwa na mwanya wa kupitisha kidole cha mtoto. Maji huchagua njia rahisi: mengi yalikuwa yanaingia kwa juu kupitia mwanya ule, na machache yaliyobaki yakipita kwenye seperata bila kasi ya kutosha. Nilipouona, nilicheka kwa hasira. Fundi naye alikiri kwamba aliona mpira haukai vizuri, akadhani hautaleta shida.

Tukaweka mpira wa waya bapa, tukabana ile pete ya juu sawasawa, tukashusha. Jumamosi iliyofuata mchanga wa pipa zima haukujaza nusu ya kijiko cha chai, mizani yangu ikashindwa hata kufika gramu 1. Kilichobaki ni vumbi laini. Hilo vumbi usitegemee seperata ikuondolee. Kazi yake ni chembe za kuanzia kama mikroni 75 (sehemu 75 za elfu za milimita) kwenda juu. Maji yakiwa na udongo wa mfinyanzi yataendelea kuwa na rangi.

Sasa lalamiko langu kubwa, ambalo kwenye karatasi ya maelekezo lilipewa mstari mmoja. Mchanga hauondoki. Unarudishwa kisimani, na kisima kina chini yake. Piga hesabu nami: gramu 25 kwa mita ya ujazo, mimi navuta mita za ujazo 10 kwa siku, hiyo ni robo kilo kila siku. Kwa mwaka ni kilo 90 hivi. Kesing ya inchi 6 inabeba kama lita 18 kwa kila mita, kwa hiyo mchanga huo unapanda zaidi ya mita 3 kwa mwaka. Bahati yangu skrini inaishia mita 78, na chini yake kuna mita 6 za bomba zima lisilo na matundu. Kisima ambacho skrini inafika mwisho kabisa kingeanza kuzibwa tangu mwezi wa kwanza. Tena mchanga hautulii vizuri pampu ikiwa inavuta, kwa kuwa maji yanapanda. Mwingi unashuka pampu inapopumzika. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzitenganisha zile floti.

Mwezi wa 14 tukaipandisha ili kusafisha. Kamba yenye uzito ilionyesha mchanga umepanda mita 3.7. Kompresa ilifanya kazi siku nzima kuupuliza nje, na gharama hiyo inabidi uihesabu tangu mwanzo kama sehemu ya seperata, kama vile mwenye gari anavyohesabu mafuta ya injini. Kisima changu kina ugonjwa wake: matundu ya skrini ni makubwa mno kwa kokoto zilizomwagwa kukizunguka, na baada ya kuchimbwa hakikusafishwa vya kutosha. Seperata haiuponyi. Inailinda pampu tu.

Kwa kuwa pampu ilikuwa juu, nilimwomba fundi aifungue. Hakutaka, alisema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, lakini alinihurumia. Akachomoa shafti, akaifuta kwa kitambaa. Akapitisha kidole chake, akageuza, akapitisha tena. Kisha akaniletea. Pale kwenye beringi kulikuwa na mng'ao tu, kama wa kijiko kilichotumika. Kidole hakikuzama popote. Mpira wa beringi ulikuwa na mikwaruzo miwili ya juu juu, mifereji ipo yote.

Nimeipa nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mpira wa waya usiofaa na kwa ule mstari mmoja kuhusu mchanga wa chini. Kabla hujanunua, waulize maswali mawili: seperata hii inataka maji kiasi gani kwa saa, na mpira wake wa waya ni wa bapa au wa mviringo. La tatu jiulize mwenyewe, kuna mita ngapi chini ya skrini yako. Kama hujui, tafuta karatasi ya uchimbaji kwanza.

Tangu tuirudishe imepita miezi mitano. Ampea ni 9.6, kama siku ya kwanza, pipa bado linajaa kwa dakika tano na nusu, na mwezi wa kuipandisha tena nimeuandika kwa rangi nyekundu juu ya kifuniko cha kisima.