Jiko la presha la umeme la lita 6: je, linafaa kwa nyumba ya Kigoma inayohesabu uniti 75?

Tunalizungumzia lile jiko la duara lenye mfuniko wa kuzungusha, sufuria ya ndani ya lita 6 na hita ya wati 1000. Maduka ya vyombo vya umeme pale Mwanga, mjini Kigoma, yanayo ya majina mengi, na ndani yanakaribia kufanana. Tumelipima kwa swali moja tu: familia ambayo mkaa umeishinda, na LUKU nayo inaisha mwezi haujafika katikati, ikilinunua itapumua?

Itapumua, lakini kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu tu: maharage, makande, nyama, kongoro, mihogo. Kwa ugali halifai, na kwa kukaanga migebuka halifai kabisa. Halafu kuna hesabu ya mita, ambayo muuzaji hatakufanyia.

Anza na hiyo mita. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo yuko kwenye daraja la D1, ambalo wengi wanaliita tarifu 4: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika shilingi 122. Ndiyo maana elfu moja inakupa uniti 8.2. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, yaani 427 mkononi. Ukizoea kuvuka unahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292, na pamoja na makato ni kama 356. Elfu moja ileile sasa inakupa uniti 2.8. Watu wengi wanaolia kwamba "umeme umepanda" bei yao haijabadilishwa na mtu, wao ndio wamehamishwa daraja. Chukua risiti yako ya mwisho, gawanya pesa kwa idadi ya uniti, utajua uko wapi. Usitumie risiti ya manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu hapo kodi ya jengo inakatwa kwanza (1,500 kwa nyumba ya kawaida) na hesabu itakudanganya.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Gungu au Katubuka. Taa 6 za LED za wati 7, saa 5 kila usiku, ni kama uniti 6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa 6 ni 11. Feni moja ya wati 50 kwa saa 8 ni 12. Friji ndogo, 27 au zaidi. Pasi uniti 6, simu na redio uniti 2. Jumla 64. Jiko la presha likipika chungu kimoja kila siku linaongeza kama 12 hadi 15. Umefika 76 hadi 79, umevuka.

Hizo uniti 4 za ziada si janga, ni kama shilingi 1,700. Janga ni kuvuka mwezi baada ya mwezi hadi ukapelekwa T1, kwa sababu hapo zile uniti 64 ulizokuwa ukizilipia shilingi 7,800 zinakuwa karibu 22,800. Elfu 15 imeondoka kila mwezi, na jiko halijahesabiwa bado. Kwa hiyo mwenye friji atafute pa kupunguza kabla ya kununua jiko. Pa kuanzia ni mpira wa mlango wa friji. Bana noti kwenye mlango, ufunge, uivute: ikitoka kirahisi, mpira umelegea na friji inafanya kazi usiku kucha bure. Pasi nguo zote siku moja badala ya kuwasha pasi kila asubuhi. Na maharage pika ya siku mbili kwa mkupuo mmoja, friji si unayo. Nyumba isiyo na friji haina wasiwasi huu: 37 na 15 ni 52, nafasi ipo.

Upande wa pili wa hesabu ni ulaji wa jiko lenyewe, na hapa ndipo linaposhinda. Nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa, na lita 2 za maji: jiko linachukua kama dakika 18 hadi 20 kupandisha presha, halafu dakika 40 za kuiva ambazo hita inawaka na kuzima yenyewe, kwa sababu joto limefungiwa ndani. Kwa jumla ni kama uniti 0.4. Kwa D1 hiyo ni shilingi 49, kwa T1 ni 142. Jiko la koili la wati 1500, kwa maharage yaleyale, litakaa zaidi ya saa 2 na kula karibu uniti 2, yaani 244 kwa D1 na 712 kwa T1. Ukisikia mtu anasema kupika kwa umeme kumemfilisi, muulize kwanza ni jiko gani.

Usituamini kwa maneno, pima mwenyewe. Zima vyote, andika uniti zilizobaki kwenye mita, pika, andika tena. Mita nyingi pia zina kitaa chekundu kinachomweka, na usoni pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti, mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita hiyo, mimweko 400 ni uniti 0.4.

Kuhusu muda wa kurudisha pesa, weka bei zako. Tuseme jiko ni laki 1 na 60, na mkaa wa kuivisha chungu kimoja cha maharage kwenye jiko la bati unakugharimu 800. Kwa D1 unaokoa kama 750 kila chungu, hivyo vyungu 213 vinalipa jiko. Kwa anayepika kila siku ni miezi 7. Anayechemsha maharage mara mbili kwa wiki atasubiri miaka miwili, na kwake ni afadhali jiko la mkaa lililoboreshwa lenye udongo ndani.

Kwa nini presha? Pale Kibirizi ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Ukipanda Kasulu au Buhigwe nyuzi zinapungua tena, ndiyo maana maharage ya huko juu yanakesha jikoni. Ndani ya jiko la presha joto linafika kama nyuzi 114. Nyuzi hizo chache za ziada ndizo zinazokata muda.

Maharage ndiyo mtihani wa jiko hili, na ndiko watu wanakoharibu. Mstari wa kwanza wa kukumbuka ni nusu ya sufuria. Katika lita 6, maharage na maji yasipite lita 3, hata kama alama ya juu ndani ya sufuria inaruhusu zaidi, maana povu la maharage linapanda na kuziba tundu la valvu, pale mvuke unapotokea. Tia kijiko kimoja cha mawese tangu mwanzo, kinapunguza povu. Nyanya na limao visubiri, uchachu unayafanya maganda yawe magumu. Chumvi mwishoni. Magadi hayahitajiki tena, na kwenye sufuria ya alumini yanaacha weusi. Maharage mapya ya msimu, bila kuloweka, dakika 35 hadi 40. Yaliyolala ghalani mwaka mzima, 50 hadi 60. Yaliyolowekwa usiku kucha, 15 hadi 20, na maji yapunguze hadi lita 1.2 hivi. Kuloweka ni bure, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukata uniti.

Muda ukiisha, usifungue valvu. Acha dakika 15 hadi 20 kipini cha mfuniko, kile kidogo kinachopanda presha ikijaa, kishuke chenyewe. Ukiachia mvuke kwa haraka, supu nzito inaruka na povu, inaingia kwenye valvu na kukauka humo. Mpishi anayelalamika kwamba jiko "halipandi presha" baada ya wiki tatu mara nyingi ana ganda la maharage limekwama chini ya mfuniko. Kule ndani, nyuma ya valvu, kuna kikofia kidogo cha chuma chenye vitundu. Kinachomoka kwa kidole. Kitoe kila baada ya kupika maharage, kioshe, kirudishe.

Kisamvu kinahitaji tahadhari ya peke yake. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke, na chungu kilichofungwa hakiiachii. Kitwange vizuri, kichemshe kwanza mfuniko ukiwa wazi kwa kitufe cha kukaanga, dakika 15, ndipo ufunge dakika 20. Makande: loweka mahindi kwanza, kisha presha dakika 45. Nyama ya ng'ombe ya mchemsho, 25 hadi 30. Mihogo mibichi, 10. Wali unatoka vizuri kwa kikombe 1 cha mchele na maji kikombe 1 na robo, dakika 8. Migebuka mibichi ya mchuzi haihitaji presha, inavurugika. Ipike bila mfuniko. Kukaanga kwa mafuta mengi ndani ya jiko lililofungwa ni hatari ya moto, tusiseme mara mbili.

Ugali ubaki kwenye mkaa au gesi. Sufuria ya ndani haijashikwa na kitu, inazunguka na mwiko, na ukiibana kwa nguvu unaichubua.

Umeme wenyewe una tabia zake. Volti zikishuka, nguvu ya hita inashuka kwa kasi zaidi: jiko la wati 1000 kwa volti 230, likipata volti 180 linabaki na wati 610 hivi. Dakika 18 za kupanda presha zinakuwa 30 na zaidi, na mtu anadhani jiko limekufa. Pika mchana saa 8 au 9, kabla mtaa mzima haujawasha. Umeme ukikatika katikati, usifungue, joto linaendelea kuivisha. Ukirudi, jiko la vitufe mara nyingi linasubiri uanze upya, na asiyejua anakuta maharage mabichi jioni. Lenye saa ya kuzungusha linaendelea kuwaka kama dakika hazijaisha. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya mtaa unaokatiwa mara kwa mara, tunapendelea la saa ya kuzungusha ingawa halipendezi machoni. Baada ya kuiva, jiko la vitufe linaingia kwenye kutunza joto na kula umeme kidogo kidogo hadi asubuhi. Lichomoe.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa milimita za mraba 2.5. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi na adapta zilizolegea ndizo zinazoyeyuka, si jiko. Shika plagi baada ya dakika 10: vuguvugu ni sawa, ikikuchoma mkono, chomoa na uite fundi. Kamwe usivute umeme wa jiko kwenye holda ya taa.

Dukani, omba lijaribiwe na lita 1 ya maji mbele yako. Kipini kipande ndani ya dakika 12 hivi, na mvuke usitoke pembeni mwa mfuniko. Angalia chini ya jiko paandikwe wati na volti 220 hadi 240. Chagua sufuria ya stenlesi kama ipo, ile nyeusi inachubuka kwa mwiko wa chuma. Uliza vipuri vyake vinapatikana wapi. Muuzaji akijibu "agiza Dar", jua kwamba valvu ikiharibika utarudi kwenye mkaa wiki mbili au tatu.

Kwa wapangaji: nyumba yenye vyumba sita na mita moja tayari iko juu ya 75, na bei yenu ni ya T1. Jiko hili bado linawashinda koili na mkaa, lakini msigombane kwa kukisia. Mwenye jiko ahesabu vyungu alivyopika mwezi mzima, azidishe kwa 0.4 na kwa 356. Vyungu 30 ni shilingi 4,272, aziweke mezani, basi. Anayetumia koili naye apimwe hivyohivyo, kwa uniti 2 kwa chungu.

Kitu kinachochoka kwanza ni mpira wa mfuniko. Ukikakamaa au kupasuka, mvuke unavuja pembeni, kipini hakipandi, na hita inawaka mfululizo hadi chakula kinaungua. Dalili ya mapema ni matone ya maji ukingoni mwa mfuniko. Utoe kila wiki, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe, uurudishe ukae sawa mzunguko wote. Usiupake mafuta. Jiko la lita 5 na 6 mara nyingi linatumia mpira wa sentimita 22, lakini pima wako kwa rula kabla ya kununua, na ununue wa akiba siku ileile unayonunua jiko.