Chumba cha pili kilininyima rangi mbili

Nashona nguo katika soko la Kibuye, Kisumu, na filamu nazifuata kwa sababu ya mavazi. Wengine hungoja kusikia nani kapata Oscar ya mwigizaji bora. Mimi hukesha nikingoja ya mbunifu wa mavazi. Kwa hiyo ukumbi wa sinema naupima kwanza kwa jambo moja: koti jeusi likipita pale mbele, nitauona mshono wake?

Kuna ukumbi hapa Kisumu wenye vyumba viwili. Aprili 2025 nilikwenda kutazama Sinners ya Ryan Coogler, ilipokuwa mpya. Nilikuwa nimeingoja kwa sababu mavazi yake ni ya Ruth E. Carter, yule aliyewavisha watu wa Black Panther. Filamu hiyo ilipoonyeshwa hapa mjini Februari 2018, sisi tulijivunia Lupita Nyong'o wetu aliyeigiza humo, lakini mimi nilitoka nikiwaza zile blanketi za Basotho, watu wa Lesotho, na wale walinzi wa kike waliovaa nyekundu. Carter alipata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, akapata nyingine 2023. Nilipiga vigelegele mara zote mbili, peke yangu, sebuleni.

Sasa, katika Sinners, Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, Smoke na Stack. Carter amewatenganisha kwa rangi: Smoke ana kofia ya bluu, Stack ana kofia nyekundu. Hadithi ni ya Mississippi mwaka 1932, na sehemu kubwa inatokea usiku. Tiketi yangu ilikuwa ya chumba cha pili, na humo picha ilikuwa na kiza. Ile nyekundu ilikuwa kama tofali lililolowa, bluu nayo ikawa nyeusi. Kila pacha akiingia ilibidi ningoje aongee ndipo nijue ni yupi. Kazi ya fundi mkubwa kiasi hicho imefunikwa na taa iliyochoka! Niliumia kama mtu aliyeletewa kitenge chake kimechujuka.

Nikamwendea kijana wa mlangoni. "Mwanangu, picha ya chumba hiki haionekani."

"Pole mama. Taa ya projekta imezeeka, tumeagiza nyingine. Njoo Jumanne utazame tena kule cha kwanza, hutalipa."

Hakubisha wala hakuniambia eti filamu yenyewe ndiyo ya giza. Jumanne nilirudi na kweli jina langu lilikuwa limeandikwa. Chumba cha kwanza ni kingine kabisa. Sufu ilionekana ni sufu, jasho likaonekana kwenye kola, na kofia ya Stack iliwaka kutoka mwisho wa chumba. Sauti nayo inashika: pale kijana anapoimba na jumba zima kucheza, nilisikia miguu ikigonga mbao chini ya kiti changu. Viti ni vizuri. Popkoni ina chumvi nyingi mno.

Lawama yangu nyingine ni ya ratiba. Mapato ya filamu huwa nayafuatilia kwenye simu kila Jumatatu kabla sijafungua kibanda. Filamu kubwa nyingi hupoteza karibu nusu ya mapato wikendi ya pili. Sinners ilianza na dola milioni 48 hivi Marekani na Kanada, na wikendi ya pili ikapata zaidi ya milioni 45. Maana yake waliotoka walikuwa wakiwaambia majirani zao. Hata Kibuye nilisikia vijana wa mitumba wakiizungumzia. Lakini wiki ya tatu ukumbi huu ulikuwa umeiachia onyesho moja tu, saa nane mchana, siku za kazi. Nani atafunga biashara saa nane? Wangewaachia watu walau Jumamosi jioni. Kuna wateja wangu watatu niliowatuma wakakosa.

Mkienda, ulizeni chumba kabla ya kulipa. Kama ni cha kwanza, kaeni safu za katikati, na mkichagua onyesho la usiku, ongeeni na mtu wa tuktuk mapema, kwa sababu saa tano pale nje hubaki wachache na bei hupanda. Mimi nilipita wiki jana kuuliza kama taa mpya ya chumba cha pili imefika. Bado.