Elfu sitini za kuseti besi, kwa fundi anayepima kwa jicho

Elfu sitini. Hiyo ndiyo bei ya kuseti gitaa la besi la nyuzi nne kwa fundi mmoja hapa Dar ambaye simtaji, na nyuzi mpya unakwenda nazo mwenyewe. Gitaa limerudi nyuzi zimeshuka kweli, laini kubana, ila ukipiga E tupu, yaani uzi mnene wa E bila kuubana, inakoroma. A tupu inakoroma. Freti, vile vyuma vya kukingama shingoni, ya kwanza hadi ya tano, zote zinakoroma. Kuanzia ya kumi na mbili kwenda juu, safi kabisa.

Anayejua besi ameshaelewa kilichofanyika. Mwinuko wa nyuzi unashushwa kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, kwa vile viskrubu vidogo viwili vya kila kikalio, kile kipande kinachobeba uzi. Huyu bwana kashusha kwa kukaza trasi rodi, kile chuma kinachopita ndani ya shingo, mpaka shingo imenyooka yote na kuanza kurudi nyuma. Uzi ukitetemeka unahitaji nafasi katikati ya shingo, ndiyo maana shingo huachiwa kibonde kidogo. Ukikiua hicho kibonde, nyuzi tupu na freti za mwanzo ndizo zinazolalamika. Zingekuwa zinalalamika za juu, baada ya kumi na mbili, lawama ingekwenda kwenye daraja lililoshushwa mno. Freti moja tu ikilia, hiyo imelika au jirani yake imenyanyuka. Na kama ni uzi mtupu peke yake, lakini ukibana popote unatulia, basi mfereji wake kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, umechimbwa kupita kiasi. Wala huhitaji kulifungua gitaa kujua hayo, unasikiliza tu.

Nikamuuliza kwa adabu kabisa: kibonde kimebaki milimita ngapi? Jibu: "Mdogo wangu, mimi napima kwa jicho. Tatizo wewe unapiga kwa nguvu." Unapiga kwa nguvu! Freti ya pili inalia hata ukiigusa kwa unyoya, kosa ni la vidole vya mteja.

Kwa jicho. Tunazungumzia milimita 0.3 hapa. Mwongozo wa Fender, watengenezaji wa magitaa, kwa shingo ambazo uso wake wa freti una mviringo wa inchi 9.5 hadi 12 unataja inchi 0.012, ambazo ndizo hizo hizo. Mwanadamu gani anaona milimita 0.3 chini ya uzi mnene wa E? Kipimo chake ni fila geji, vile vibati vyembamba vya unene tofauti, ile ile ya mafundi magari ya kupimia tapeti, na Gerezani pale Kariakoo utaipata kwa hela ndogo sana ukilinganisha na hiyo elfu sitini. Unatuni kwanza, tena na nyuzi utakazotumia, maana seti ya 45 hadi 105 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) inaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70 na ukibadilisha unene kila kitu kinahama. Unafunga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, freti ya kwanza, unabana E kwenye freti ya mwisho, unapitisha bati la 0.3 kati ya uzi na freti ya nane. Likipita huku likiusugua uzi kidogo, umemaliza. Likipwaya, kaza trasi rodi kwa mwendo wa saa. Lisipopita, legeza. Usizidi robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha tuni upya, uiache shingo itulie, upime tena. Na alenki iwe saizi yake hasa. Nyingine ni za inchi, nyingine za milimita, na ile "inayokaribia" ndiyo inayovua kichwa cha trasi rodi. Ukifika hapo hata fundi wa kweli atakuonea huruma.

Baada ya hapo ndipo unakwenda darajani. Freti ya 17, bila kapo: milimita 2.4 chini ya E, 2.0 chini ya G, kisha unashuka au kupanda kwa mkono wako mwenyewe. Anayepiga kwa nguvu kweli (naam!) anaachiwa juu zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kuseti: fundi anakutazama ukipiga kabla ya kushika bisibisi. Huyu hakuniambia hata nipige noti moja.

Intonesheni, yaani noti kuwa sawa shingo nzima, ni kazi ya kila mtu. Linganisha hamoniki ya freti ya 12 (unagusa uzi tu juu yake bila kuubana) na noti iliyobanwa pale pale. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tumia tuna ya kuchomeka waya, kwa sababu maikrofoni nyingi za simu zinahangaika na E ya hezi 41. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, zisikaribie nyuzi mno, sumaku itazivuta na noti zitayumba, halafu utarudi kulaumu intonesheni.

Na hapa pwani hesabu haiishi. Unyevu wa masika unaihamisha shingo, ukiipeleka besi Dodoma kwenye ukavu inahama tena. Utalipa elfu sitini kila msimu? Kwa hiyo nasema jifunze, acha mafundi.

Ila, na hili linaniuma kuliandika, nati aliyoichonga ni nzuri. Nzuri sana. Mifereji imelala sawa, uzi haubanwi, hakuna ule mlio wa "tik" ukituni, na freti ya kwanza inabanwa bila kukunja uso. Kazi hiyo siwezi kumshauri mtu aifanye nyumbani. Tupa zake ni ghali, kila uzi una upana wake, na ukizidisha kidogo tu nati ni ya kutupa. Kusawazisha freti vilevile, mpe mwenye vifaa. Kwa hiyo labda niseme mlipeni kwa nati na freti, shingo na daraja shikeni wenyewe.

Labda. Maana uzi wa E kaukata mfupi, umezunguka kigingi mara moja tu. Besi inataka mizunguko miwili au mitatu inayoshuka, na uzi unakunjwa kwanza ndipo unakatwa, la sivyo msokoto wa nje unalegea na noti inakufa. Ile E nilinunua mpya, na dukani hawakuuzii mmoja, unachukua seti nzima. Nilipomwambia, alisema kama sijaridhika nichukue gitaa langu. Nililichukua. Nyota mbili, na zote mbili ni za nati.