Content ID: Hodari wa Kutambua, Dhaifu wa Kuhukumu

Mtu yeyote anayetengeneza video za kuhakiki filamu, tamthilia au muziki na kuzipakia YouTube ni mtumiaji wa Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, atake asitake. Hakuna fomu ya kujiunga wala kitufe cha kuizima. Video ikipakiwa tu, mfumo huo huilinganisha na hazina ya mafaili yaliyowasilishwa na wenye hakimiliki. Kwa kuwa ndio unaoamua, kabla ya wakili na kabla ya hakimu, kama uhakiki utaonekana na nani atalipwa kwa matangazo yake, unastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote, nami naupima kwa upande wa mhakiki, si wa studio.

Historia yake inaeleza mengi. Google iliinunua YouTube mwaka 2006. Mwaka uliofuata kampuni ya burudani ya Viacom ikaishtaki ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni moja, na mwaka huohuo wa 2007 Content ID ikaanzishwa. Kesi ile ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2014, lakini chombo hiki kimebaki na tabia ya kuzaliwa kwake: kilibuniwa kuwatuliza wenye mali, na mhakiki akafikiriwa baadaye.

Kwa kazi ya kutambua, sina budi kuusifu. Hunasa sekunde chache za wimbo zilizofunikwa na sauti ya msimulizi, na mara nyingi hauhadaiki na wanaogeuza picha kushoto kulia au kupandisha sauti kidogo wakidhani wamejificha. (Mbinu hizo humdhuru mhakiki kuliko zinavyomsaidia, maana humfanya aonekane mtu mwenye la kuficha, ilhali huenda alikuwa na hoja halali ya kusimama nayo hadharani.) Mwenye haki akipata mlingano anaweza kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo yake, au kufuatilia tu takwimu za watazamaji. Bora zaidi ni ukaguzi unaofanyika wakati wa kupakia, kabla video haijachapishwa, ambao humwonyesha mtayarishi kipande kilichodaiwa, kinapoanzia na kinapoishia. Anaweza kukikata, kuuzima wimbo peke yake au kuweka mwingine badala yake, pasipo kurudi kwenye programu ya kuhariri. Kwa sehemu hii ningetoa alama tisa kati ya kumi bila kusita.

Tatizo linaanza pale panapohitajika hukumu. Content ID hujibu swali moja tu, yaani kama kipande hiki kinafanana na kile, wakati sheria inauliza kama aliyekichukua alikuwa na haki ya kukichukua. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, ambacho ndicho msingi wa kile kinachoitwa matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu kihalali bila idhini yake, kinataka vigezo vinne vipimwe kwa pamoja: dhumuni na namna ya matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi na uzito wa sehemu iliyochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Hakuna mahali panapotajwa sekunde kumi wala thelathini. Kanuni ya sekunde ni uvumi uliozoeleka, sawa na lile tangazo la "sina nia ya kukiuka hakimiliki" linalobandikwa chini ya video, ambalo halimkingi mtu na lolote.

Kesi mbili zinaonyesha jinsi mlingano usivyotosha. Mwaka 1985, katika shauri la Harper & Row dhidi ya jarida la The Nation, Mahakama ya Juu ya Marekani iliona kwamba maneno yapatayo 300 yaliyonukuliwa kutoka katika mswada wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford yalikuwa ukiukaji, kwa sababu yalibeba kiini cha kitabu ambacho kilikuwa hakijatoka. Mwaka 2017, katika shauri la Hosseinzadeh dhidi ya Klein, mahakama ya shirikisho mjini New York ilikuwa mbele ya video ya uhakiki iliyotumia zaidi ya dakika tatu za video isiyofika dakika sita, na walioitumia, akina Klein, wakashinda, kwa kuwa walikuwa wakiisimamisha mara kwa mara na kuichambua, hata mtazamaji asingeweza kuifanya mbadala wa ile ya kwanza. Hakimu huyohuyo aliweka mpaka: zipo video ambazo mtu huiangalia tu kazi ya mwenzake mbele ya kamera bila kusema neno la maana, na hizo hazipati kinga kwa hukumu hiyo. Mashine inayohesabu mlingano peke yake ingewaona akina Klein kuwa wakosaji wakubwa na The Nation kuwa mkosaji mdogo, kinyume kabisa na mahakama.

Sasa tuje kwenye pingamizi, ambako huduma hii inapoteza alama nyingi. Pingamizi la mtayarishi haliendi kwa mtu wa tatu asiye na maslahi. Linarudi kwa mdai yuleyule, ambaye ana siku 30 za kujibu. Akikataa, mtayarishi hukata rufaa, ambayo tangu mwaka 2022 mdai hupewa siku 7 kuishughulikia. Akishikilia msimamo wake, hutuma ombi rasmi la kuiondoa video, na chaneli hupata onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Inabaki arifa ya kukanusha, yaani ombi rasmi la kurudishiwa video, chini ya sheria ya Marekani ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, inayomlazimu mtayarishi kutoa jina lake kamili na anwani, ambavyo hupelekwa kwa mdai. Kwa mtu anayemkosoa tajiri mwenye mawakili, hatua hiyo si ndogo.

Upande wa fedha umepangwa vizuri zaidi: ukipinga ndani ya siku 5, mapato yote tangu dai lilipowekwa huhifadhiwa na hatimaye hupewa atakayeshinda. Lakini watazamaji hawahifadhiwi. Uhakiki wa filamu mpya una wiki zake, na uliozuiwa hadi mjadala umekwisha umeshapoteza kazi yake hata ukishinda.

YouTube yenyewe ilitangaza kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021 yaliwekwa madai zaidi ya milioni 722, kwamba chini ya asilimia moja yalipingwa, na kwamba asilimia 60 ya yaliyopingwa yaliisha kwa ushindi wa aliyepakia. Kampuni inaiona ile asilimia moja kuwa ushahidi wa usahihi. Mimi naiona kwa jicho jingine, kwa sababu ukimya wa mtu anayeogopa onyo si ungamo, na mfumo ambao wengi wa wanaothubutu kuupinga hushinda una kasoro ambayo haijahesabiwa.

Haki itendeke: marekebisho yamefanyika. Tangu mwaka 2019 anayedai kwa mkono, bila mashine, analazimika kutaja muda kamili wa kipande anachodai, na kwa njia hiyo haruhusiwi tena kujichukulia mapato ya video nzima kwa sababu ya kipande kifupi sana cha wimbo. Lakini masharti hayo yanahusu madai ya mkono, si ya mashine, na mwaka 2018 video ya saa kumi ya mvumo mtupu, isiyo na wimbo wowote, ilipata madai matano.

Nani basi aitegemee huduma hii? Anayezungumzia kazi yenyewe kwa kina, akakata vipande kwa kadiri ya hoja zake, ana msimamo imara, na ninamshauri apakie video siku kadhaa kabla ya kuichapisha, apitie ukaguzi, na aandike mapema pingamizi linalotaja kila kipande na hoja inayokihitaji. Mwenye wimbo wa watu uliowekwa nyuma ya sauti yake kwa ajili ya kunogesha tu aubadilishe, kwani si wimbo anaouhakiki. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2023 katika shauri la taasisi ya msanii Andy Warhol dhidi ya mpigapicha Lynn Goldsmith umezidi kumbana anayeichukua kazi ya mtu kwa dhumuni lilelile la awali. Na anayeunganisha matukio matamu ya filamu bila neno lake mwenyewe hatapata msaada wowote kwenye fomu ile ya pingamizi, wala hastahili kuupata.