Santuri ya Nebraska: demo ni demo, mkwaruzo ni mkwaruzo

Nasema mapema, ugomvi wangu si na Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani. Ni na muuzaji mmoja wa santuri mtandaoni, na jina simtaji maana hata hilo litakuwa tangazo la bure.

Nilinunua kwake Nebraska, albamu ya Springsteen ya mwaka 1982, iliyotumika. "Haina tatizo lolote," aliandika. Ikaenda vizuri mpaka Highway Patrolman, ule wimbo wa askari Joe Roberts na ndugu yake Franky asiyeishiwa balaa. Joe anamfukuza Franky kwa gari usiku, mpaka wa Kanada unakaribia, na mimi mtu mzima nimeshika tama nasubiri kuona kama atamkamata ndugu yake au atamwachia. Tk. Tk. Tk. Sindano ikaruka, ikarudi pale pale. Ikaruka tena, ikarudi tena. Franky wa kwangu hajavuka mpaka hadi leo.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, hiyo ni demo ya chumbani, rekodi ya majaribio tu, ndivyo ilivyorekodiwa. Soma historia kwanza."

Nisome historia! Mimi! Akaanza kunimwagia: Springsteen alijirekodi mwenyewe nyumbani Colts Neck, New Jersey, kwa Tascam Portastudio, mashine ndogo ya kurekodi ya treki nne, kwenye kaseti ya kawaida; akachanganya sauti kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuingia maji; kaseti yenyewe ikakaa mfukoni bila kasha. Ilikuwa ya kuwaonyesha tu bendi nyimbo mpya. E Street Band wakazijaribu studioni, zikakosa kile kilichokuwa kwenye kaseti, basi ikatolewa kaseti. Yote kweli. Na yote hayahusiani kabisa na mkwaruzo wangu.

Mvumo wa kaseti haukatiki. Uko chini ya gita mwanzo mwisho, kama mvua ya mbali juu ya bati, na baada ya muda unaupenda. Mkwaruzo wangu unagonga kila baada ya sekunde 1.8, ambao ndio muda santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inaotumia kuzunguka mara moja. Sasa kaseti ya New Jersey ilijuaje sahani yangu itazunguka kwa kasi gani? Halafu hapa hakuna ngoma za kuficha aibu. Ni mtu mmoja, gita, harmonika na kimya kingi. Kuhamisha kaseti ile kwenye santuri kuliwatesa mafundi, mwishowe santuri ikachongwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo unapandisha sauti ya redio yako, na mkwaruzo nao unapanda.

Nilimwandikia haya yote. Akajibu kwa voisi huku anatafuna kitu: basi irudishe, nikubadilishie na santuri "iliyorekodiwa vizuri".

Hapo ndipo aliponichoma kuliko hata pesa. Iliyorekodiwa vizuri! Kuna santuri za studio ya gharama ambazo ukizima tu hukumbuki hata wimbo mmoja. Springsteen, na maikrofoni zake mbili na mwangwi wa kifaa cha Echoplex, anapiga ukelele kwenye wimbo wa State Trooper mpaka unageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Nyota tano. Na zingekuwepo sita ningempa sita.

Ila ninachotathmini ni huduma. Nyota moja. Haya, mbili, maana mzigo ulifika siku aliyosema, na upande wa pili hauna doa. My Father's House ya upande huo nimeipiga mpaka nimechoka kuinuka kurudisha sindano. Pesa hataki kurudisha, na santuri mimi siirudishi, kwani nimrudishie ili akamuuzie nani maneno yale yale?

Juzi kanitumia picha ya albamu nyingine ya Springsteen, Born in the U.S.A. "Hii ni studio kabisa, bosi, haina kelele." Basi iwe nyota moja.